Bawa la Kavindu

Skrini ya kompyuta ilidai Kavindu yuko soko la Gikomba, naye alikuwa amesimama juu ya paa la fleti yao mtaani Umoja, jua likimchoma kisogo.

"Mwongo wewe!" alikifokea kisetilaiti cha timu yao kilichokuwa mezani, kidogo kama boksi la viatu. Wiki nzima antena yake ya kutambua mahali ilikuwa ikipotea njia. Alishabadilisha waya, akakisogeza mbali na matangi ya maji, hata akamsihi jirani aanue nguo.

Kwa hasira akalikunja bawa la sola lililochomoza kando ya antena.

Skrini ikasema Umoja.

Akalikunjua, ikaruka Gikomba. Akalikunja tena, ikarudi Umoja. Kumbe mawimbi ya redio yalikuwa yakiligonga bawa na kuivuruga antena! Na bawa hilo ni yeye aliyelipigania, hadi wenzake wakachoka kubishana naye.

Simu ikalia. Alikuwa kiongozi wao.

"Kavindu, kinapelekwa kurushwa angani Ijumaa. Hiyo antena imekubali?"

"Antena haina shida," alisema. "Shida ni bawa langu."

Kiongozi akauliza, "Sasa bila bawa, umeme utatoka wapi?"

Kavindu alikuwa ameshaichukua bisibisi, akiifungua skrubu ya kwanza ya bawa ili alihamishie upande wa pili, mbali na antena.