Zawadi ya Dorcas

Ratiba ya mabasi Silas Tovey aliitupa mwenyewe kwenye makaa, akaichochea kwa chuma mpaka ikawa majivu. Kisha akaanza kuitafuta.

"Mama Dorcas, hujaiona ile ratiba?"

"Ilikuwa mezani," Keziah, mkewe, akajibu bila kugeuka. "Kama imepotea, basi tena. Labda tusiende."

"Mtoto ameshalipa."

"Si ndiyo shida yenyewe!"

Shida ilikuja kwa barua siku ya Jumatatu. Binti yao Dorcas, mwalimu huko Leeds, alikuwa amewalipia Jumamosi na Jumapili katika nyumba ya wageni ya Bi Chivers, mjini Wells, hatua chache kutoka lango la kanisa kuu. Zawadi ya miaka thelathini ya ndoa. "Ninyi hamjawahi kwenda popote," aliandika, "na kutoka hapo Bristol ni mwendo mfupi tu wa basi. Nitawasubiri stendi ya Wells saa tano. Msipotokea, nakuja kuwabeba mgongoni."

Hamjawahi kwenda popote! Masikini Dorcas. Baba yake alikuwa akienda Wells kila Alhamisi, na huu ulikuwa mwaka wa pili.

Hakufuata mwanamke. Afadhali ingekuwa mwanamke. Silas alikuwa mzee wa kanisa lao dogo la matofali mekundu, lisilo na mishumaa wala majoho, ambamo watu husali wamekaa wima na magoti hayagusi chini. Baba yake Keziah alihubiri humo miaka arobaini, na siku anakata roho alimshika mkwewe mkono, akamwapisha kwamba hatakanyaga kamwe kwa wale wa majoho. Silas akaapa, na kiapo akakitunza vizuri tu. Kisha siku moja akapeleka Wells kiti cha mtu alichokitengeneza, mvua ikamkuta njiani, akakimbilia ndani ya kanisa kuu wakati wa ibada ya jioni. Kwaya ikaanza. Fundi seremala mzima, alilia mbele za watu.

Tangu hapo, kila Alhamisi alimuaga mkewe kwamba anakwenda kwenye mkutano wa wakulima wa bustani. Alikaa safu ya tatu, akipiga magoti juu ya mto uleule, uliotariziwa kidege cha kahawia na matunda meusi ya mwituni. Ibada ikiisha, alisubiri basi kwa Bi Chivers akinywa chai. Mto ule aliupenda mpaka akamsimulia mama wa watu. "Aliyeushona ana moyo, nakwambia." Bi Chivers akamjazia kikombe.

Na sasa aingie pale na Keziah pembeni, halafu yule mama atokeze mlangoni: "Karibu Bwana Tovey! Kiti chako kile pale!" Miaka thelathini ya kuaminiwa ingekwisha hata kofia hajavua.

Alijaribu kila njia. Jumanne akasema kiuno kinamuuma.

"Pole," Keziah akadakia. "Basi tusiende."

"Lakini Dorcas atakuja na daktari."

"Huyo? Atakuja na wawili."

Jumatano jioni akajaribu bahari. Mchanga, samaki wa kukaanga, upepo. Keziah akasema hata yeye moyo wake uko baharini. Wakatazamana, kila mmoja akageukia dirisha.

"Sawa, tutakwenda," Silas akasema mwisho. "Ila kanisa lao lile hatuingii."

"Niingie nikafanye nini?" Keziah akawaka. "Baba si atafufuka anizabe kibao! Halafu mawe yenyewe yalivyo ya baridi, magoti yote yanakufa."

Silas aliitikia haraka, asije akaulizwa lolote. Mkewe alikuwa mkali wa imani kama marehemu baba yake. Kila Jumatano alishinda kwa dada yake Enid, mgonjwa wa miguu, akamfumia soksi, akarudi jioni na nyuzi za sufu zimemganda kwenye sketi; wiki hiyo tu ndiyo hakwenda. Mwanamke wa namna hiyo unamdanganyaje? Silas alijichukia kwelikweli. Alhamisi hiyo hakwenda Wells, na usingizi haukuja.

Ijumaa asubuhi Keziah alikwenda kununua mkate kwenye duka la kona, penye kibanda cha simu. Alikawia sana. Akarudi uso umempauka, mkate hana.

"Umekwisha," akasema, akapanda juu kufunga sanduku.

Silas akaona nafasi ndiyo hiyo. Alitoka na ndara miguuni mpaka kwenye kibanda, akatumbukiza sarafu.

"Bi Chivers? Ni mimi, Tovey wa Alhamisi. Nakuomba sana mama, kesho ukiniona, hunijui. Sijawahi kuingia kwako, sijawahi kunywa chai yako. Mke wangu akijua, nimekwisha."

Akasikia kikombe kikiwekwa kwenye kisahani.

"Haya, sikujui," Bi Chivers akasema. "Na mkeo pia simjui. Kanipigia saa tatu, sauti inamtetemeka hivyohivyo kama yako. Nisiseme kwamba huja Jumatano, sindano na nyuzi zake nizifungie kabatini. Yote nitafanya, Bwana Tovey. Ila ule mto wako wa kidege sina uwezo wa kuuficha. Utaugeuza mwenyewe, maana upande wa chini ameshona jina lake."