Zawadi ya Chumvi

Mkoani kwetu, kitu hakitoki nyumba moja kwenda nyingine bila kupitia Benki ya Mkoa. Ndivyo uchumi wetu mtukufu unavyokua. Basi jirani yetu, Mama Nyamizi, alipokuja kuomba chumvi, spika ya benki iliyo ukutani jikoni ikauliza, "Mkopo au mauzo?"

"Zawadi," mama yangu akajibu.

"Jibu hilo halipo. Rudia, la sivyo akaunti yako ya mshahara itafungwa."

"Ifunge! Mama Nyamizi, beba kopo zima. Na sukari."

Mimi, kwa adabu niliyofunzwa bwenini, nikaimwagia spika uji. "Na hiyo ni zawadi, mheshimiwa."

Ikanyamaza. Mpaka leo haijasema neno, ila kila mara mama anapogawa kitu, taa yake nyekundu huwaka.

Naye hugawa akiitazama.