Mama Mkwe Hafi

Mama Mkwe alipigwa rungu mara tisa na hakufa. Kila alipopigwa, uhai wake uliongezeka, na maneno yakatokea kwenye skrini: "Mama Mkwe anakutazama. Anauliza: umekula?"

Lyuben alikuna kichwa. Jana alikuwa amemuumba afe kwa mapigo matatu.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa maneno matupu, bila hata picha moja. Unaandika "piga", "kimbia" au "fungua mlango", kompyuta inakujibu. Kampuni moja ya programu ya mji wa Plovdiv ilikuwa imempa mtihani huo wa kuomba kazi: atunge mchezo wa shujaa na mazimwi kwa kutumia klasi, autume Ijumaa kabla ya saa sita mchana, na kila mstari uwe wake mwenyewe. Klasi ni kama muhuri. Unauchonga mara moja, kisha unagonga viumbe kadiri utakavyo. Lyuben alichonga klasi ya Kiumbe. Kiumbe akamzaa Shujaa, mrefu, shupavu, mwenye macho ya kijani kama ya Lyuben, kwa bahati tu. Kiumbe akamzaa pia Zimwi. Zimwi naye akamzaa Mama Mkwe, aliyerithi kila kitu cha mzazi wake na kuongezewa ulimi.

Aliyempa wazo hilo alikuwa kibarazani, ghorofa ya sita, akichoma pilipili hoho.

Mgeni siku mbili. Ya tatu mpe jembe. Lyuben na mkewe Vesela walikuwa wamefikisha siku mia saba na ushei kwa Mama Tsvetanka, mama yake Vesela, hapo mjini Pazardzhik, na jembe Lyuben hajalishika. Asubuhi ile Vesela, kabla ya kwenda kazini, alimwambia wazi: akiikosa kazi hii, Jumatatu anaanza kwa mjomba, kubadilisha matairi ya malori. Lyuben aliviangalia vidole vyake laini akataka kulia.

"Mama!" aliita. "Umeigusa kompyuta yangu?"

"Nimeipangusa, mwanangu. Imejaa makombo ya maandazi ya banitsa, utadhani unailisha. Jana umeshuka kuvuta sigara, umeacha kila kitu wazi."

"Usiiguse tena. Hii si mtungi wa achari, ni kitu cha akili."

"Haya, baba. Sisi kule kiwandani, kosa moja dogo lilikuwa linatusimamishia kazi siku nzima."

Lyuben alitabasamu kwa huruma. Mama Tsvetanka alifanya kazi kiwandani miaka kumi na minne, hadi kilipofungwa. Kiwanda cha nini, Lyuben hakuwahi kuuliza. Ukiona mitungi mia moja na ishirini ya hoho na nyanya imepangwa hadi chini ya kitanda chako, huna haja ya kuuliza.

"Meza yangu nitaipata lini?" alisema mama mkwe. "Nina hoho kilo arobaini za kumenya, na wewe umejitandaza hapo tangu masika."

"Niombee nipate kazi, Mama. Jumatatu utaiona meza yako."

"Ningekuwa nategemea kuomba tu, mwanangu, ningekuwa nimeshakufa." Akarudi kibarazani.

Saa ilikuwa sita kasorobo, Ijumaa yenyewe. Mtu mwingine angeifungua klasi ya Mama Mkwe asome ilipoharibika. Lyuben hakuwa mtu mwingine. Alikumbuka kwamba jana alikuwa amechoka sana, na akaona wazi kuwa kipaji chake kilikuwa kimeendelea na kazi bila kumsumbua. Akautuma mchezo kama ulivyo, akajipongeza kwa kipande cha banitsa.

Saa tisa simu ililia. Alikuwa Bwana Kamen, mkuu wa waandishi wa programu wa kampuni ile. Lyuben akaongeza sauti ya simu hadi mwisho na kuiweka mezani, ili watu wa kibarazani nao wajue wanaishi na nani.

"Kijana, huyo mama amenitesa tangu saa saba," alisema Kamen. "Nimempiga, nimemkimbia, nimemwomba radhi. Wapi! Mwisho nikaandika 'osha vyombo'. Akanifungulia mlango mwenyewe!"

Lyuben hakujua kwamba ndani ya mchezo wake kulikuwa na vyombo.

"Eh, ndiyo," alisema. "Hapo nilifikiri sana."

"Klasi zako nyingine, nisikufiche, ni kama umeziandika umefumba macho. Shujaa wako akishakufa bado anajisifu. Lakini hii ya Mama Mkwe! Fupi, safi, haina neno la kupoteza. Umeiandika wewe?"

"Kila mstari, bwana. Kwa jasho langu."

"Ajabu. Namjua mtu mmoja tu anayeandika namna hii. Ndiye aliyenifundisha kazi mwaka themanini na nane, hapo hapo kwenu, kwenye kiwanda cha kompyuta."

Kibarazani mfuniko wa tanuri la hoho ulifungwa. Mama Tsvetanka aliingia akijifuta mikono kwenye aproni, akainama juu ya simu.

"Kamen, mwanangu, na wewe bado unaongea mno."

"Bi Tsvetanka! Ni wewe? Njoo kazini kwetu Jumatatu, nakuomba. Kesho ukitaka!"

"Jumatatu siwezi. Nina hoho kilo arobaini za kumenya."

Alimtazama Lyuben kuanzia utosini hadi kwenye soksi, taratibu, kisha akaivua aproni na kumfunga nayo kiunoni.

"Haya, nitakuja," aliiambia simu. Akamgeukia mkwewe. "Umekula?"