Lulu Katika Ukwaju

Bi Saumu aliingia jikoni na maji ya vuguvugu, aoshe mkufu wa lulu ambao mjukuu wake angeolewa nao jioni, kama alivyoolewa nao marehemu mama yake. Akamkuta Bi Mwanakheri, mama wa bwana harusi, ameinamia bakuli.

“Pumzika, mkwe. Mwari kanipa mkufu jana, nikauroweka kwa ukwaju pamoja na bangili zangu za fedha.”

Fedha hupenda ukwaju, lakini lulu, ukwaju huzila. Bangili zilimeremeta, lulu zilikuwa zimeparara kama ganda la yai.

“Zimetakata, ama?”

“Zimetakata, mkwe,” alisema Bi Saumu. “Ahsante kwa kunipunguzia kazi.”

Akaupokea mkufu kwa mikono miwili, akaanza kuzipangusa lulu moja moja kwa ncha ya kanga, polepole, na kila aliyoipangusa ikamwachia unga mweupe vidoleni.