Nafasi ya Msiba

Swichi iliyogawa intaneti katika jengo lao ilikuwa na sheria moja: nyumba yenye msiba mpya zaidi hutangulia zote, wagonjwa hufuata, wengine hugawana kinachobaki. Mwenye msiba pekee ndiye aliyeweza kuachia nafasi, kwa kubonyeza kitufe mlangoni kwake.

Bi Mwanaisha alikuwa amemzika mumewe juzi. Ukuta wake wa skrini ulijaa nyuso za jamaa wanaompa pole kwa video, na mjomba wake, kutoka mbali, alikuwa anaomba dua.

Mama Tunu wa ghorofa ya juu akaingia bila viatu wala hodi.

"Dada, mashine ya kupumulia ya mwanangu inasuasua! Daktari anaiendesha kutoka hospitali ya rufaa, maagizo hayapenyi. Watu wako wameziba njia. Niachie dakika mbili tu, dada yangu!"

Bi Mwanaisha alitazama kitufe, kisha ukuta. Mjomba alikuwa amefumba macho, analitaja jina la marehemu kwa sauti ya kutetemeka. Dua haikatwi katikati, ndivyo alivyolelewa.

"Panda ukamshike mtoto," alinong'ona. "Mjomba akimaliza tu, nabonyeza."

Mama Tunu alimkodolea macho, kisha akakimbia.

Mjomba akawaombea wazazi, akawaombea walio hai na waliotangulia. Bi Mwanaisha akaitikia amina kila mara, kidole kikiwa juu ya kitufe.

Ghafla nyuso zote ukutani ziliganda. Dua ilikatika katikati.

Hakuwa amebonyeza. Kwenye kioo kidogo cha swichi, juu ya kitufe, ghorofa ya juu ilikuwa imepanda kutoka safu ya wagonjwa hadi mahali pa kwanza, pa msiba.