Anwani ya Pili

Nimia alitakiwa kuiongezea seva ya mteja anwani ya pili ya IP. Kwa haraka aliiandika mahali pa ile ya kwanza, akaifuta, na seva ikapotea mtandaoni, pamoja na mazishi yaliyokuwa yakirushwa moja kwa moja kutoka Asunción, Paraguay.

Mwanamke aliyekuwa akiyatazama akapiga simu ya huduma kutoka Uhispania.

"Binti, picha imekatika. Ndiyo kwanza wanamshusha mama yangu kaburini."

Nimia aliweka chini kikombe cha pembe chenye terere, chai ya majani yenye barafu. "Tatizo ni intaneti ya huko kwenu, mama."

"Basi nisamehe kwa kukusumbua, binti. Simu yangu yenyewe kuukuu."

Nimia aliinamia kibodi. Alipoirudisha anwani ya kwanza, skrini ilionyesha udongo umeshasawazishwa, watu wakiondoka.

Mwanamke alikuwa bado kwenye simu, akishukuru.

"Mama," Nimia alisema, "si simu yako."