Mistari Miwili Myeupe

Ulipita pale zizini, ukapiga picha, ukaenda zako. Hukuuliza yule dume mkubwa amepelekwa wapi. Basi sikia.

Asubuhi hiyo Mtaalamu alikuja na viatu vya ngozi vinavyong'aa, kwa hiyo zizini hakuingia. Alisimama nje ya uzio, darubini machoni, faili kwapani. Alikuja kuamua kama dume kijana, mtoto wa yule mkubwa, ni palahala halisi, yule swala mweusi wa pembe ndefu, au ni chotara aliyechanganya damu na korongo, swala wa rangi ya kijivu wa zizi la pili. Akiwa halisi, angepakiwa kwenye lori mchana huohuo kwenda shamba la bwana mmoja mkubwa, alikotangulia baba yake. Akiwa chotara, angebaki palepale. Chotara nani anamtaka?

"Palahala ana mistari miwili myeupe usoni," Mtaalamu alisema, kama anayefundisha chekechea. "Huyu uso wote mweusi tii."

"Ni halisi, bwana," alisema mama mfagiaji, aliyemlea kwa chupa tangu mama yake afe. "Tazama masikio. Korongo ana masikio kama ya punda. Ya huyu mafupi."

Mkurugenzi wa kituo, aliyesimama kando ya Mtaalamu, akacheka. "Mama, kazi yako ni samadi. Masikio waachie waliosoma."

"Basi aingie amwone kwa karibu. Nakuombeni, wanangu. Asikose safari yake."

Mtaalamu aliitazama samadi, akavitazama viatu vyake. "Nisome miaka yote ile, nije nifundishwe na ufagio?"

Miaka kumi na moja alikuwa akija pale, na kila mama yule aliposema ndiyo, yeye aliandika siyo. Hata siku ile aliyoambiwa swala ana mimba, aliandika kuwa ana minyoo. Swala akazaa wiki iliyofuata, na hakuna aliyeomba radhi.

Akaandika: chotara. Akagonga muhuri. Mama akainamisha kichwa. Lori likaondoka tupu.

Kisha mama akaenda kupangusa vumbi ofisini, kama kila siku. Juu ya kiti cha Mkurugenzi zilitundikwa pembe mbili zilizopinda kama mundu, zimepakwa vanishi, zawadi kutoka kwa mwenye shamba. Ya kushoto ilikuwa na pengo dogo. Mama alilijua pengo lile; alikuwepo siku dume mkubwa alipogonga lango la zizi.

Alilipangusa taratibu. Akarudi zizini, akalowesha tambara, akamshika kijana wake kidevu, akamfuta masizi ya jiko mpaka mistari miwili ikatokea, myeupe pe.

Lori linarudi Ijumaa kuwafuata majike wawili, na Mtaalamu ameshanunua viatu vipya. Mama masizi yamemwishia. Njoo na yako, leo.